Sanamu ya kuita njiwa: namna ya kuichagua na kuipanga



Masika ikianza hapa Kabalo tunapanda mahindi, karanga na mpunga, na njiwa nao wanashuka. Njiwa hachimbi kwa miguu sawa vile kuku. Anaokota kwa mdomo mbegu iliyo juu ao iliyofunikwa kidogo tu. Basi dawa ya kwanza ni kufunika mbegu vizuri: mahindi na karanga, sentimita 4 mpaka 5. Mpunga wa kumwaga ndio unaoumia zaidi.

Kama njiwa wangali wengi, koperative inaweza kumwita mwindaji mwenye ruhusa. Hapo sanamu za njiwa zinamsaidia sana. Lakini tusichanganye mambo: sanamu ya mtu inafukuza ndege, sanamu ya njiwa inawaita. Njiwa akiona wenzake wanakula kwa utulivu, anaamini chakula kipo na adui hayuko. Ukiiacha shambani bila mwindaji, umewakaribisha wageni kwenye mbegu yako.

KUCHAGUA

1. Jua ndege anayekula mbegu. Ninga, yule wa kijani, anakula matunda ya mikuyu. Umuige tetere wa kijivu, mwenye mstari mweusi nyuma ya shingo.

2. Chonga mti mwepesi, urefu sentimita 25 mpaka 30, toka mdomo mpaka mkia. Udongo mbichi haufai juu ya mvua.

3. Paka rangi ya kijivu isiyong'aa. Kama hauna rangi, changanya majivu na makaa yaliyosagwa katika uji wa unga wa muhogo, na upake tena kila mvua ikipita. Kitu kinachong'aa kinamtisha ndege.

4. Kichwa kiinamie chini, kama anaokota. Njiwa aliyenyoosha shingo ni njiwa aliyeshtuka, na wenzake wanajua hivyo.

KUPANGA

Siku mbili kabla ya kazi, chunguza asubuhi na jioni: wanatokea wapi, wanatua wapi, wanapumzika kwenye mti gani. Weka sanamu pale wanapotua tayari. Sanamu nzuri mahali pabaya ni kazi ya bure.

Njiwa anatua akielekea kule upepo unakotoka. Kwa hiyo:

- Panga sanamu 8 mpaka 12 kwa umbo la herufi U, hatua mbili mbili kati yao.
- Mdomo wa U uangalie kule upepo unakoenda. Njiwa wataingia kwa mlango huo.
- Acha katikati wazi, ndiyo nafasi yao ya kutua.
- Sanamu nyingi zielekee upepo, lakini zisinyooke zote kama waaskari.
- Mwindaji ajifiche nyuma ya majani, upepo ukimpiga mgongoni, hatua 20 toka kwenye sanamu.

USALAMA

Uwindaji katika inchi yetu unaongozwa na Sheria nambari 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Mbele ya kuanza, pita kwenye ofisi ya mazingira ya teritware, uulize nini kinaruhusiwa na kwa majira gani. Kisha julisha chefu wa kijiji na majirani wote. Watu wetu wameona vita. Wakisikia bunduki bila habari, wanaweza kukimbia na kuacha sufuria motoni. Watoto wanaolinda ndege watoke shambani kwanza, na mtu asipige chini chini.

Hapana kuweka sumu kwenye mbegu, hata kidogo. Ndege aliyekula sumu anaweza kuokotwa na mtoto na kuingia katika sufuria ya mama yake.

Kazi ikiisha, hesabu sanamu zako, uzitoe zote, uokote na manyoya. Sanamu moja iliyosahauliwa inaendelea kuita.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika mashamba yetu, njiwa wanaharibu nini zaidi, na siku gani baada ya kupanda?
2. Je, tumefunika mbegu vizuri kabla ya kufikiri bunduki?
3. Nani atachunga sanamu za koperative, na nani atajulisha kijiji?