SOMO: FLETI ZA UFUONI NA NJIA YA MVUVI

Lengo: Kikundi kiweze kulinda njia ya kwenda bandarini kabla ploti ya ufuoni haijageuka fleti.



Nyali, Shanzu, Kilifi hadi Diani, tunaona ploti za ufuoni zikijengwa fleti za kuuzwa moja moja. Mvuvi anatoka alfajiri na madema yake, anakuta ukuta. Mama karanga naye inabidi azunguke mbali na ndoo kichwani, na samaki hawangoji jua. Tujifunze pamoja.

1. UFUO NI WA NANI?
Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Lakini tuangalie vizuri: ardhi iliyo nyuma ya ufuo inaweza kuwa ya mtu. Basi unaweza kuwa na haki ya kufika majini na ukose pa kupitia. Shida iko kwa njia.

2. FLETI HUBADILISHA NINI?
Ploti ikiwa na mwenyewe mmoja, mzee wa bandari humwendea, wakasalimiana, wakaelewana kwa mdomo. Lakini chini ya sheria ya umiliki wa fleti ya 2020, kila fleti hupata hati yake. Ua, geti na ukuta huwa mali ya wote, na husimamiwa na shirika la wenye fleti. Wengine wako Nairobi, wengine Ulaya. Yale maelewano ya mdomo hawayajui, na askari wa geti ndiyo kabisa.

3. TUFANYE NINI MAPEMA?
(a) Fanyeni sachi kwa ofisi ya ardhi. Mjue ploti ni ya nani, na kama ramani inaonyesha njia.
(b) Andikeni historia ya njia. Sheria inatambua njia iliyotumiwa waziwazi, kwa amani, bila kukatizwa, kwa miaka 20. Wazee waeleze, watie sahihi. Lakini kama mlikuwa mkipita kwa kuomba ruhusa, dai hilo huwa gumu. Muoneni wakili.
(c) Mradi mkubwa huhitaji ripoti ya mazingira, na NEMA hualika maoni ya umma. Pelekeni yenu kwa maandishi, mbaki na nakala.
(d) Barua itoke kwa BMU. Kanuni za 2007 ziliipa kazi ya kusimamia bandari pamoja na serikali, kwa hiyo si sauti ya mtu mmoja.
(e) Mkikubaliana na mwenye ploti, njia isajiliwe kwenye hati kabla fleti hazijauzwa. Kupeana mikono hakutoshi.

Tusiwachukie wanaonunua fleti. Wengi watanunua samaki wetu. Tunachotaka ni njia ya kuwaletea samaki hao.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Bandari yetu ina njia ngapi? Ni ipi imeandikwa mahali popote?
2. Ni wazee gani wanaokumbuka njia hiyo zaidi ya miaka 20?
3. Jamaa akitaka kuuza ploti ya ufuoni, familia na wavuvi waketi lini?
4. Nani ataenda kufanya sachi, na nauli itatoka wapi?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huku kwetu, ukuta tutajengewa. Swali la nne lijibiwe kabla mkutano haujafungwa.