Wenye Ulemavu wa Akili Katika Bajeti ya Halmashauri

Swali: Mahitaji ya watu wenye ulemavu wa akili huingiaje katika mipango ya halmashauri nchini Tanzania?

Jibu: Mpango wa halmashauri huanzia chini. Kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, vijiji na mitaa huibua vipaumbele vyake, vikapitia kwenye kata hadi baraza la madiwani, kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai 1. Watu wenye ulemavu wa akili hupotea mapema hapo: wengi hawafiki mkutanoni, na baadhi ya familia huwaficha ndani. Kazi nzito kuliko zote, basi, ni ya afisa ustawi wa jamii: kupita nyumba kwa nyumba, kumtambua kila mmoja na kuandika anachohitaji, kwa kuwa anayefundishwa kuoga na kuvaa hapangiwi sawa na anayeweza kufanya kazi akisimamiwa.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inazipa serikali za mitaa wajibu wa kulinda haki na ustawi wao. Ipo pia asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Lakini mkopo humfaa awezaye kuendesha biashara. Mwenye ulemavu mkubwa wa akili anahitaji kitengo cha elimu maalumu shuleni, mafunzo ya kazi baada ya shule (jambo linalosahaulika mno) na nafuu kwa mama anayemlea mchana na usiku. Kila huduma kati ya hizo ipewe fedha zake ndani ya bajeti, na wazazi waulizwe kabla haijapitishwa.