SOMO LA WAFANYAKAZI: Gari Kuukuu la Familia, Liongezwe Nini?



Katika mkutano wa tawi uliopita hapa Kigwena lilizuka swali ambalo halikumalizika. Mwenzetu mmoja, mpakiaji katika kinu cha mawese, ameomba mkopo katika mfuko wetu wa kusaidiana. Gari analo tayari. Ni Toyota Prado kuukuu, lililonunuliwa kwa jasho la miaka mingi, yeye pamoja na ndugu zake wawili. Hakuomba fedha za kulinunua bali za kuliboresha: rimu za kung'aa, matairi makubwa, springi za kuliinua, taa nyeupe kali, na redio yenye kioo. Baadhi yetu walisema apewe, maana ni mwanachama na analipa ada yake. Wengine walisema hiyo ni anasa, mfuko si wa anasa. Sisi wa kamati tumeona si haki kumjibu kwa wivu, wala kwa urafiki. Ajibiwe kwa hesabu, na hesabu hiyo kila mwenye gari, au mwenye hamu ya gari, aijue.

Kwanza tujiulize gari lenyewe linafanya kazi gani. Siku za juma linapeleka watoto shule na wagonjwa Rumonge. Jumamosi linabeba madumu ya mawese kwenda sokoni. Basi hiki ni chombo cha kazi kama panga na toroli, ila ni chombo kinachobeba watoto.

Tuanze chini ya gari, mahali ambapo wengi hawatazami. Prado za namna hii, zilizotengenezwa kati ya 1996 na 2002, zimejengwa juu ya chesisi ya chuma kama lori. Chesisi ikiliwa na kutu, hakuna nyongeza itakayolifaa gari hilo. Ingia chini na nyundo ndogo na bisibisi. Gonga. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya bubu, na bisibisi huzama ndani. Tazama hasa pale springi za nyuma zinapokalia. Mwaka 2024 ziwa lilipopanda, maji yalifika katika nyumba na njia za ukingoni huku Rumonge. Gari lililopita majini siku zile lifunguliwe difu: oili ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Oili hiyo imwagwe leo, si mwezi ujao. Wako wanaotaka bomba la hewa la kupandishwa hadi paani ili wapite majini. Bomba hilo linaokoa injini peke yake. Difu na beringi za magurudumu bado ziko chini ya maji.

Kisha injini. Prado nyingi za wakati ule zinazotumia mazutu zina injini ya lita 3 iitwayo 1KZ-TE. Ina nguvu, lakini ina ugonjwa ambao mafundi wanaujua: ikichemka kupita kiasi, silinda hedi hupasuka. Sisi tunaishi kando ya ziwa, kiasi cha mita 770 juu ya bahari. Kwenda Bururi ni kupanda zaidi ya mita 1,000 na mzigo mgongoni, na huko ndiko rejeta inakopimwa. Kwa hiyo rejeta isafishwe au ibadilishwe, na mipira yake, themostati na feni zitazamwe. Tena tuache desturi ya kujaza maji ya ziwa. Maji ya Tanganyika ni matamu kinywani, lakini yana madini mengi ambayo huganda katika mirija myembamba ya rejeta. Pia injini hiyo ina mkanda wa taimingi wa mpira, unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama aliyekuuzia hana karatasi ya kuonyesha ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa. Ukikatika njiani, injini huvunjika kwa ndani.

Haya yote hayaonekani kwa jirani. Hapo ndipo ugumu ulipo, ndugu zetu. Rimu zinaonekana, rejeta haionekani.

Sasa matairi, na tufanye hesabu polepole. Tairi la kiwandani kwa Prado nyingi za aina hii limeandikwa 265/70 R16. Kimo chake ni karibu sentimita 77.7. Tairi analolitaka mwenzetu ni 285/75 R16, lenye kimo cha karibu sentimita 83.4. Maana yake kila mzunguko mmoja wa gurudumu unakwenda mbali zaidi kwa asilimia 7. Spidomita haijui hilo: ikisema 80, gari linakwenda karibu 86. Breki ni zile zile. Na kupanda mlima injini inavuta gurudumu zito zaidi, inapata joto zaidi, na tumekwisha kusema joto linaifanya nini hedi ya injini hii. Ukiongeza na kuinua springi, ekseli za mbele zinakaa kwa pembe mbaya, mipira yake inachanika, na gari lililoinuka hupinduka upesi zaidi kwenye kona.

Hatusemi matairi yasinunuliwe. Yanunuliwe, tena kabla ya vitu vingi, lakini ya kipimo cha kiwandani. Na kabla ya kutoa fedha, soma ubavuni mwa tairi namba nne za mwisho katika kijiduara kirefu. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. 1419 ni juma la 14 la mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri na mpira mzee uliokauka.

Jambo la taa limetuchukua muda mrefu kuliko yote, maana linawahusu hata wasio na gari. Magari yetu mengi yametoka Japani, ambako huendesha upande wa kushoto. Burundi tunaendesha kulia. Taa ya gari la Japani imeundwa hivi: ukiishusha, mwanga wake huinuka kidogo upande wa kushoto, ili uone ukingo wa njia. Huko kwao kushoto ni majani na waenda kwa miguu. Kwetu kushoto ni macho ya dereva anayekuja! Na upande wa kulia, ambako wenzetu wanarudi na baiskeli zilizojaa ngazi za michikichi, ndiko kwenye giza. Sasa mtu akitia globu kali za ledi ndani ya taa hiyo hiyo, anamulika zaidi pale pasipotakiwa. Amelipa fedha ili ampofushe mwenzake.

Lakini liko badiliko la taa linalofaa. Prado hizo hizo ziliuzwa pia Ulaya bara na katika nchi za Ghuba kama Oman, ambako huendesha kulia kama sisi. Taa za magari hayo humulika ukingo wa kulia. Fundi ahakikishe zinakaa vizuri katika uso wa gari lako, kisha azipime kwenye ukuta usiku. Hiyo tunaiita nyongeza ya kweli. Pamoja nayo, kumbuka kwamba usukani ukiwa kulia, dereva haoni mbele ya lori mpaka gari zima litoke katikati ya barabara. Kioo kikubwa cha pembeni hakiondoi hatari hiyo. Aliyekaa kushoto asisinzie.

Redio tusiikawize. Redio za Japani za wakati ule hushika FM kutoka 76 hadi 90 tu, na vituo vyetu vingi viko juu ya hapo. Kubadili redio si ujinga. Ila kioo chenye ramani ya Tokyo hakitamfikisha mtu Nyanza-Lac. Hiyo mwenye gari ainunue kwa mshahara wake.

Kuna jingine ambalo hakuna aliyeliomba: mikanda ya viti vya nyuma. Katika magari haya mara nyingi imekatwa au imezama chini ya viti. Kuirudisha ni fedha kidogo kuliko rimu moja. Tena mzigo. Dumu la lita 20 la mawese lina uzito wa karibu kilo 18. Madumu 12 ni kilo 216. Weka watu saba wa kilo 65, ni kilo 455. Jumla kilo 671, kabla ya kuhesabu hata mkungu mmoja wa ndizi. Linganisha na uzito ulioruhusiwa kwa gari lako. Shokapu na breki mpya husaidia, lakini haziongezi ruhusa hiyo.

Tufike kwenye fedha. Namba hizi ni za mfano, si bei za soko. Tuseme gari lingeuzwa leo kwa faranga milioni 40. Mapambo yanagharimu milioni 6. Mnunuzi wa Bujumbura atayasifu, kisha ataongeza labda milioni moja. Zile tano zimekwenda. Rejeta, mkanda, breki, matairi na taa nazo zigharimu milioni 6. Mnunuzi pengine haongezi hata faranga. Lakini hedi ikipasuka kwa kukosa rejeta, gari la milioni 40 linakuwa la milioni 25, na Jumamosi hakuna mawese yaliyofika sokoni. Na kama fundi akisema matengenezo yanayotakiwa yanazidi nusu ya thamani ya gari, maoni yetu ni kuliuza kama lilivyo.

Mwenzetu mmoja alipinga, akasema gari likipendeza hukodiwa kwa harusi. Ni hoja ya haki. Mwenye kuomba alete majina ya waliomkodi na walicholipa, nasi tutayatia katika hesabu. Lakini tukumbuke pia mwaka 2024, foleni za mafuta nchini zilivyokuwa. Gari lilisimama uani, na mkopo haukusimama. Fedha za mfuko ni za wachumaji na wapakiaji wote, na kati yao wako wasio na baiskeli.

Kwa hiyo kamati inapendekeza mwenzetu akopeshwe kwa ajili ya rejeta, mkanda wa taimingi, breki, matairi ya kipimo cha kiwandani, taa za upande wa kulia na mikanda ya viti. Rimu, springi na redio zisiingie. Kabla ya mkutano ujao alete karatasi ya fundi aliyeligonga chesisi, bei za maduka mawili tofauti kwa kila kifaa, na hesabu ya Jumamosi nane za mwisho: madumu mangapi, kiasi gani, mazutu kiasi gani. Ndugu zake wawili nao watie sahihi, maana gari ni lao pia.