Purukushani Si Vita: Chagua Neno Kabla ya Kuripoti

Taarifa ya polisi wa Kampala ikikufikia kwa Kiingereza na ndani yake kuna neno "scuffle", usikimbilie kuandika "mapigano". "Scuffle" lina mipaka yake: watu wachache, muda mfupi, kusukumana na kuvutana, na mara nyingi hakuna silaha. Tuseme waendesha bodaboda wawili wanagombania abiria pale Mengo, karibu na Bulange, jengo la bunge la Buganda. Mmoja anamkunja mwenzake shati, wa pili anampokonya helmeti, wenzao wanawaamulia. Hiyo ni purukushani. Ila mimi napendelea zaidi kusema walishikana mashati, kwa sababu msomaji anaona kilichotokea.

Uliza basi: nani alianza, kwa mkono au kwa rungu? Kuna aliyeumia? Majibu ndiyo yatakayokuchagulia neno. Na uwe mwangalifu, maana kwa sheria ya Uganda kushiriki mapigano mahali pa hadhara ni kosa la jinai. Ukiandika "mapigano" kando ya jina la mtu, umemtuhumu.

Hatari kubwa zaidi ni neno dogo kufunika jambo kubwa, na Mengo inalijua hilo vizuri. Januari 1892 palizuka ugomvi kuhusu bunduki kati ya wafuasi wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti, Mprotestanti mmoja akapigwa risasi akafa. Mwanga, Kabaka (yaani mfalme) wa Buganda, alimwachia huru aliyefyatua risasi, Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza akapinga, na tarehe 24 pande mbili zikapambana, Lugard akitumia bunduki ya Maxim. Kanisa la Rubaga liliteketea, Mwanga akakimbilia kisiwa cha Bulingugwe. Mwanzoni ulikuwa ugomvi; risasi ilipoua, yakawa mauaji; tarehe 24 ilikuwa vita. Anayeyaita yote hayo "vurugu" amempotosha msomaji, hata kama tarehe zake zote ni sahihi. Vivyo hivyo Mei 24, 1966, jeshi lilipoingia Lubiri, ikulu ya Kabaka hapo Mengo, na Kabaka Mutesa II akatoroka kwenda uhamishoni: lile lilikuwa shambulio.

Taarifa ikikuambia mtu "alifariki katika purukushani", usiinakili. Piga simu, uliza amekufa kwa kitu gani na mikononi mwa nani, kisha uandike hivyo hivyo.