Ndoa imevunjika, kibanja ni cha nani?

SWALI: Mume amenifukuza baada ya miaka 14. Ukoo wake unasema kibanja hakinihusu. Nianzie wapi? — Mama wa watoto watatu, Muleba

JIBU: Mama huyu aanzie baraza la usuluhishi, kwa kawaida la kata, au la BAKWATA kama ndoa ni ya Kiislamu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inadai hati ya baraza kwamba usuluhishi umeshindikana. Bila hati hiyo, wanawake wengi hurudishwa walikotoka baada ya kutumia nauli na miezi mingi, jambo linaloumiza sana.

Akishapata hati, shauri la talaka linaweza kufunguliwa hata Mahakama ya Mwanzo.

Kuhusu kibanja, wakili mzuri wa Bukoba atauliza kilipatikanaje. Kikinunuliwa ndani ya ndoa, kinagawanywa kwa kupima mchango wa kila mmoja. Kama mume alikirithi, mke anaweza kudai fungu iwapo jasho lake limekiendeleza kwa kiasi kikubwa: migomba, kahawa, nyumba. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Basi akusanye mashahidi, risiti na picha mapema.

Ukoo nao si mahakama. Mwaka 1990, katika shauri lililoanzia Kashasha, Muleba, Jaji Mwalusanya alikataa mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi.

Kuhusu watoto, mtoto wa chini ya miaka saba hudhaniwa kuwa salama zaidi kwa mama, na baba bado anawajibika kumtunza. Asiyemudu wakili aombe msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.