Citroën imelala chini? Isikilize kabla hujashika spana

Citroën za zamani, kuanzia DS ya 1955 hadi GS, CX na BX, hazina springi wala shokapu za kawaida; badala yake kila gurudumu lina tufe lenye gesi ya nitrojeni. Injini inazungusha pampu, pampu inasukuma mafuta hadi presha ya baa 170 hivi, na mafuta hayohayo ndiyo yanayobeba bodi na kubana breki. Kwa hiyo gari likianza kurusha abiria kwenye matuta, usiseme tu limezeeka. Huenda breki nazo zina la kusema.

1. Sikiliza "tik". Washa injini, iache silensa, usiguse usukani wala breki. Kila mara pampu inapomaliza kujaza tufe la akiba, linalotunza mafuta yenye presha, regyuleta (valvu inayodhibiti presha) hutoa mlio mdogo: tik. Gari likiwa zuri, hadi usikie mlio mwingine inapita nusu dakika au zaidi. Ikiwa ni kila baada ya sekunde mbili tatu, na hujagusa kitu, mafuta yanapenya mahali fulani ndani, au tufe la akiba limeishiwa gesi. Ikiwa linatulia, lakini kila ukikanyaga breki linalia, mshuku kwanza tufe la akiba: nitrojeni imekwisha. Hapo umepata jibu la maana bila kufungua hata nati moja.

2. Likandamize kwenye kona. Injini ikiwa inawaka na gari liko kwenye kimo cha kawaida, egemea bampa kwa uzito wako. Linatakiwa lizame taratibu na kurudi. Likigoma, tufe la upande huo limeishiwa gesi. Hali hii huwapita wengi kwa sababu nitrojeni huvuja kidogo kidogo, na mwenye gari anazoea ugumu bila kujua. Matufe hufunguliwa kama filta ya oili. Badilisha ya kulia na ya kushoto kwa pamoja.

3. Likilala usiku, usihangaike. Kushuka kwa saa kadhaa ni tabia yake; Xantia za baadaye ndizo zilizowekewa valvu za kuzuia hilo. Kinachotia shaka ni kuanguka ndani ya dakika chache, au kuchelewa mno kuinuka asubuhi. Angalia mkanda wa pampu, kichujio kilicho ndani ya tangi, na mpira wa kuvutia mafuta, ambao ukipasuka unanyonya hewa.

4. Kijani ni kijani. Mafuta yake ni LHM, ya kijani. Pima kiwango injini ikiwaka na wenzo wa kimo ukiwa juu kabisa. Hapa ndipo mafundi wazuri wanapoliua gari: wanaona tangi limepungua, wanamimina mafuta ya breki ya kawaida, na sili zote zinavimba. DS za mwanzo tu ndizo zilizotumia mafuta mekundu, na vyombo vyake vilipakwa rangi nyeusi. Vilivyopakwa kijani ni vya LHM.

5. Pedali isikudanganye. Breki hizi hushika kwa mguso mdogo sana, na mgeni hudhani zina kasoro. Kasoro ni pedali kuwa laini na kuzama: kuna hewa kwenye paipu. Kwenye GS, CX na BX, breki za nyuma hupata nguvu kutoka kwa mafuta yanayobeba sehemu ya nyuma ya gari, ndiyo maana ukipakia mzigo zinashika zaidi. Nyuma pakivuja, breki za huko zinadhoofika pia. Taa ya STOP kwenye dashibodi ikiwaka ukiwa barabarani, simama. Akiba iliyobaki ni ya kukanyaga mara chache tu. Brekimkono ya magari haya hushika magurudumu ya mbele, kwa hiyo inasaidia kweli.

6. Usitafute tundu kwa kidole. Mafuta ya presha hii yanaweza kutoboa ngozi. Pitisha kipande cha boksi kando ya paipu. Palipo na tundu patalowa.

7. Kabla ya kulegeza paipu yoyote, zima injini, shusha wenzo wa kimo hadi chini kabisa, kisha legeza skrubu ya kutolea presha kwenye regyuleta, mzunguko mmoja unatosha. Mafuta yatarudi kwenye tangi yakifanya sss. Bodi inashuka wakati huo, kwa hiyo asiwepo mtu uvunguni. Ukihitaji kuingia chini, weka stendi imara kwanza. Jeki peke yake haitoshi.