Kuta za Chakol, Nyeusi na Nyeupe: Mafunzo Niliyopata

Napiga picha nyeusi na nyeupe za majengo na michoro ya ukutani kuanzia Busia, Kenya, kupitia Alupe, Adungosi na Chakol, hadi Malaba. Kuta hizi hazimo kwenye vitabu vya usanifu wa majengo, na hazikai. Kampuni ya simu huja na ndoo za rangi, duka lililojulikana kwa ng'ombe wake mweupe likawa kijani kabla ya saa sita mchana. Masika nayo humega ubavu wa nyumba ya udongo. Kwangu, ng'ombe aliyechorwa kwenye bucha ya Adungosi anastahili kuangaliwa kwa umakini uleule tunaoipa milango ya Lamu.

1. Ujue ukuta unatazama wapi

Barabara ya Busia kwenda Malaba inaelekea kaskazini-mashariki, kwa hiyo maduka yake mengi hutazama kusini-mashariki au kaskazini-magharibi. Upande mmoja ni wa asubuhi, wa pili ni wa jioni. Hilo halina shida.

Ugumu uko kwenye kuta zinazotazama kaskazini na kusini. Chakol haifiki nyuzi 1 kaskazini mwa Ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua la mchana hupitia kaskazini, na ukuta wa kusini hushinda kivulini. Kisha mambo hugeuka. Adhuhuri ya Desemba, mwanga huteremka kwenye ukuta wa kusini kutoka juu, karibu kuugusa, na kila mfuo wa kidole cha aliyekandika hutokeza na kivuli chake. Rangi ikishaondolewa, vivuli hivyo ndivyo vinavyosema ukuta ulijengwaje na kwa mkono wa namna gani. Kuna nyumba ninazojua mwezi wake, na mwezi huo ukifika ndipo ninapokwenda.

2. Mawingu yana kazi yake

Bernd na Hilla Becher, mume na mke waliopiga picha za minara ya maji na viwanda vya Ujerumani kwa miongo mingi, walipenda anga la kijivu ili umbo lionekane bila kivuli kuliingilia. Huku kwetu mawingu hujikusanya alasiri. Saa hiyo naiweka kwa ajili ya mabati mapya, ambayo juani humeta mpaka picha inaungua, na michoro iliyo kwenye plasta laini.

3. Rangi mbili tofauti zinaweza kutoa kijivu kimoja

Hili ndilo somo lenye faida kubwa kuliko yote. Fundi anaandika jina la duka kwa nyekundu juu ya kijani. Kwa macho, herufi zinapiga kelele. Dereva wa lori anazisoma akiwa mbali. Ukiigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, herufi zinapotea kabisa, kwa sababu mng'ao wa rangi zile mbili unakaribiana.

Dawa ni filta. Filta nyekundu mbele ya lenzi hupitisha nyekundu na kuzuia kijani na buluu, hivyo herufi nyekundu zinakuwa nyepesi, ukuta wa kijani unakuwa mzito, na anga linatiwa giza. Gharama yake ni mwanga: kinachobaki ni kama sehemu moja ya nane. Ya njano ni pole zaidi. Kwa kamera ya dijitali, piga picha ya rangi kwanza, halafu kwenye kompyuta ongeza au punguza kila rangi kabla ya kuifanya kijivu. Mimi hujiuliza swali moja: fundi alitaka kipi kionekane kwanza? Nikipata jibu, najua pa kusukuma.

4. Kakapel huhitaji kinyume chake

Michoro ya kale kabisa ya eneo hili iko kwenye mwamba wa Kakapel, katika vilima vya Chelelemuk, Teso Kaskazini, chini ya uangalizi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kuna maumbo ya duara, kuna ng'ombe, kwa nyekundu na nyeupe. Hapo filta nyekundu ni balaa, maana huufuta mchoro mwekundu ukalingana na jiwe. Filta ya buluu ndiyo inayofaa: nyekundu inageuka karibu nyeusi, nyeupe inabaki nyeupe. Na mwamba usiguswe wala kumwagiwa maji ili rangi ikolee, hata mtu akikuambia ndivyo wengine wanavyofanya.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa pale chini ya mwamba kulikuwa na kunde miaka 2,300 hivi iliyopita, na wimbi miaka 1,000 hivi iliyopita. Wateso bado wanapika pombe ya ajon kwa wimbi. Nikipiga picha pale sijioni nikipiga magofu.

5. Mwenye nyumba ajiandae

Kwenye boma moja nilisalimu kwa Kiteso, "Yoga," nikaeleza shida yangu: "Mama, naomba kuupiga picha ukuta wako." Akanijibu, "Huu? Mwanangu, ngoja kwanza niusiribe."

Nikangoja. Akachanganya udongo na mavi ya ng'ombe, akapaka chini mkanda mweusi wa mkaa uliosagwa, juu udongo mwekundu, akamalizia kingo za mlango kwa majivu. Tope bichi ni jeusi kwenye picha. Likikauka hupanda ngazi kadhaa za kijivu, na mikanda hutengana vizuri zaidi. Kwa hiyo ukuta uliosiribwa leo, picha yake ni kesho. Na mambo ya ruhusa yanaishia hapo: mwenye nyumba ndiye anayeamua ukuta wake uonekane vipi.

6. Mpakani uliza kwanza

Kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, pamoja na forodha, polisi na daraja la Malaba, si vitu vya kupiga picha kiholela. Omba ruhusa. Ukikataliwa, vibanda vya kinyozi vilivyo jirani vina michoro mizuri zaidi.

7. Andika rangi, andika mkono

Picha nyeusi na nyeupe isiyo na maelezo inamnyima fundi nusu ya kazi yake. Katika daftari naandika rangi ya kila sehemu, tarehe, soko, na jina la aliyechora kama anataka litajwe. Faili ya rangi siifuti. Fundi mmoja wa maandishi nilimpa nakala mbili: ya rangi aliichukua kwa ajili ya wateja, na ile nyeusi na nyeupe akaikazia macho muda mrefu, akifuata kwa kidole kivuli alichotia upande wa kulia wa kila herufi. "Hapa mkono wangu unaonekana," alisema.

Ningependa nakala hizi zitunzwe hukuhuku Busia: kwenye maktaba, kwenye shule za Chakol na Amukura, hata kwenye ofisi ya chifu. Watoto wanaosoma leo ndani ya madarasa yenye ramani ya Kenya na twiga ukutani watayakuta yamepakwa rangi upya, na wana haki ya kuona yalivyokuwa.